Korosho Chini ya Taa ya Bibi Harusi

Ukimwamkia, hakuitikia papo hapo. Kwanza alikuhamisha. Alikushika bega, akakusogeza kidogo kushoto mpaka jua likuingie upande wa shavu, akafumba jicho moja, akakutazama, na hapo ndipo aliposema, "Marahaba, mwanangu." Nilimwona akimfanyia hivyo chifu. Nilimwona akimfanyia imamu mlangoni mwa msikiti. Siku moja pale Ukunda alimfanyia askari wa trafiki aliyetaka kumkamata kwa kuendesha pikipiki bila kofia. Askari alisogezwa kama kiti cha wageni, na alipozinduka alikuwa amesimama kivulini peke yake, pikipiki imekwisha kufika petroli steshini.

Tulimwita Mpigapicha, ingawa nilipomjua alikuwa hapigi tena picha za watu. Studio yake ya Msambweni ilikuwa imekufa zamani. Alisema haikuuawa na mtu, ilikufa kwa homa ya simu, siku kila mwenye kidole alipogeuka kuwa mpigapicha. Kiwanda cha korosho kilicho kando ya barabara ya Lunga Lunga kiliponunua mashine ya kuchambua, meneja aliulizia mtu anayejua kamera, na watu wakamtaja yeye. Kamera ni kamera, walisema. Ni sawa na kumwita kinyozi aje kunyoa kondoo. Wembe ni ule ule, lakini mteja hakai kitini.

Mimi nilikuwa mtu wa mkanda. Nilikuwa nimetoka kwenye hoteli za Diani, nikaenda Vanga kwenye biashara ya kaa, nikarudi, na kiwandani pale ndipo miguu yangu ilipotulia kuliko mahali pengine popote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya harufu. Hata leo, nikipita mahali mtu anakaanga korosho, nasimama kama niliyeitwa. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi la maganda kwenye mkanda na kwenye kioo cha kamera, na kumsikiliza Mpigapicha. Kazi ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu.

Kamera yenyewe haikufanana na kamera. Ilikuwa kisanduku cheusi kilichoning'inia juu ya mkanda na kutazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi. Haikupiga picha nzima. Iliona mstari mmoja tu, mwembamba kama uzi, kutoka ukingo wa mkanda hadi ukingo wa pili. Korosho zikipita chini yake iliona uzi, kisha uzi mwingine, kisha mwingine, na kompyuta ikaunganisha nyuzi hizo kama mama asukaye mkeka, mpaka korosho nzima ikatokea kwenye skrini. Ikionekana mbovu, pua za hewa zilizo mwisho wa mkanda ziliipuliza, pfuu, ikaangukia ndoo ya zilizokataliwa.

Sasa fikiria. Huyu alikuwa mtu aliyekula mkate wake kwa kuwaambia watu wasitikisike. "Usitikisike!" ndilo neno ambalo Msambweni nzima ilimkumbuka nalo. Kuna watu wazima mpaka leo wakilisikia wananyoosha shingo na kuacha kupumua. Na hapa akapewa kamera ambayo kitu kisipotembea hakionekani. Ilimchukua muda. Siku za kwanza alikuwa akiusimamisha mkanda ili picha itoke vizuri, na kwenye skrini ikatoka korosho ndefu kama fimbo, kwa sababu kamera ilikuwa ikirudia uzi ule ule kama kasuku. Alipoelewa, alibadilika kama mtu aliyebadili dini. Alianza kutudharau tuliosimama.

"Wewe hapo, tembea kidogo," aliniambia, "husomeki."

Paka wa kiwanda ndiye aliyemaliza somo. Alipanda mkandani akitafuta joto, mkanda ukaanza kwenda, na yeye akatembea kinyume chake, palepale chini ya kamera, asiende mbele wala nyuma. Kwenye skrini akatokea paka mrefu kama gari la moshi, mwenye miguu mingi. Meneja aliichapisha ile picha, akaibandika ofisini. Mpigapicha alikasirika. Hakuona haya kwa sababu ya paka. Aliona haya kwa sababu fokasi ilikuwa imepotea upande wa mkia.

Lazima sasa nimtaje mkewe, maana bila yeye habari hii haina miguu. Tulimwita Somo. Nusu ya wanawake wa kiwandani aliwafunda yeye siku za harusi zao, akawaeleza yanayoelezwa bibi harusi mlango ukiwa umefungwa. Yeye alikuwa kiongozi wa meza. Meza ilikuwa ndefu, ya mbao, imekaa mwisho kabisa wa kazi, na wanawake waliiketia pande mbili, wakizichambua korosho kwa vidole. Nzima huku, vipande kule, zenye mabaki ya ule utando mwekundu unaoifunika korosho ndani ya ganda zirudishwe. Vidole vya Somo vilichambua vyenyewe. Yeye alikuwa akitazama pengine, akisimulia ya watu, na korosho zikienda kila moja kwao.

Mashine ililetwa ili meza ile iondoke. Meneja hakuficha. Alikuwa mtu wa bara, muungwana kwa namna yake, ila alisema mambo kama anayesoma bei dukani. "Mzee," alimwambia Mpigapicha mbele yetu sote, "siku hii kamera itashika utando vile hao wamama wanashika, meza inaenda. Si ubaya, ni biashara. Ikikataa kushika, kamera inarudi kwa wenyewe, na wewe pia unarudi kwako. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," akasema Mpigapicha, na kwenye meza Somo akapasua korosho nzima katikati.

Kwa hiyo kila siku alipoiboresha kamera, alikuwa akimchimbia mkewe. Na kila siku alipoharibu, alikuwa akijichimbia mwenyewe. Walikuwa wakitoka nyumbani pamoja juu ya pikipiki moja, Somo amekaa upande na mkoba wa chakula mapajani, wakifika getini wanaachana bila kuagana kama timu mbili za mpira.

"Vipi bwana harusi wako wa chuma?" wanawake walikuwa wakimtania Mpigapicha akipita. "Ameona leo, ama bado yuataka miwani?"

"Ataona," alikuwa akijibu. "Na akiona, nyie mutarudi kwa waume zenu."

"Turudi kwa nani? Waume zetu ndio walotutuma huku!"

Somo mwenyewe hakutania. Alikuwa akimtazama tu, na kusema, "Mwacheni. Chakula cha jioni napika mimi."

Mpigapicha alikuwa na kiburi, nisikufiche. Aliweza kukusimulia kuhusu lenzi mpaka chai ikapoa, na ikishapoa akakulaumu. Lakini kwenye lenzi alikuwa na haki ya kiburi chake. Lenzi iliyokuja na mashine ilikuwa ndogo. Katikati ya mkanda korosho zilionekana vizuri, pembeni zikaingia giza na ukungu, na pua za hewa zikawa zinazipuliza zote za pembeni, nzuri na mbaya, kama mvua. Meneja akasema kamera imeharibika. Mpigapicha akasema kamera haina kosa, imevalishwa kiatu cha mtoto.

Alivyonieleza ilikuwa hivi: lenzi ya kumpiga mtu picha inajali uso tu, na uso uko katikati. Pembeni kuna pazia, nani anajali pazia? Lakini kamera ya mstari haina katikati. Korosho ya ukingoni ina haki sawa na ya katikati. Inatakiwa lenzi inayotoa mwanga sawa na ukali sawa kutoka ncha hadi ncha. Akaenda kwake, akafungua sanduku lililofungwa tangu studio ife, akarudi na lenzi ya ile mashine ya kukuzia picha aliyokuwa nayo kwenye chumba cha giza, lenzi iliyotengenezwa kuona karatasi bapa sawasawa mpaka kwenye pembe zake. Fundi wa chuma wa Msambweni alimchongea pete ya kuishikiza. Tulipowasha, pembe zikafunguka. Mpigapicha alitoa kitambaa, akajifuta uso, akaenda kumwonyesha kila mtu mmoja mmoja, pamoja na mlinzi wa getini, ambaye alisema ni korosho.

Taa zilimtesa zaidi. Za kwanza zilikuwa mirija ya kawaida ya dukani, na picha zikatoka na mistari, nyeusi nyeupe, nyeusi nyeupe.

"Hii ni nini sasa, punda milia?" meneja aliuliza.

"Umeme wetu unapepesa, Bosi. Jicho lako halioni kwa sababu ni vivu. Hii kamera si vivu."

Akaleta zile taa kali za jukwaani, za moto. Mistari ikaisha. Lakini siku mkanda ulipokwama na taa zikabaki zikiwaka, korosho zilizokuwa chini yake zikaanza kunukia. Tukasogea. Zilikuwa zimekaangika upande mmoja, rangi ya dhahabu. Sijapata kula korosho tamu kama zile, si Diani kwa watalii wala Tanga. Kwa muda fulani mkanda ulikuwa ukikwama mara kwa mara, kila karibu na saa ya chai, mpaka meneja akanunua taa zisizo na joto, ndefu kama rula, na mkanda ukapona.

Kisha ikaja taabu ambayo, kwa maoni yangu, ni yeye tu duniani angeweza kuipata. Lenzi ni nzuri, taa haipepesi, mkanda umevalishwa rangi ya kaniki ili korosho nyeupe ionekane. Na kamera inapitisha kila kitu. Korosho zenye utando, zenye madoa, zote zinapita. Kwenye skrini zilikuwa nzuri mno, zimenawiri, kila moja kama imepakwa mafuta ya nazi. Meneja alipendezwa. "Wah! Hizi ni za kuweka kwa kalenda."

Somo alikuja na sinia lake, akatia mkono kwenye pipa la zilizopita, akatazama, akamtazama mumewe.

"Wewe," alisema, "umezipodoa."

Na kweli. Mkono wa Mpigapicha ulikuwa umefanya ulichozoea. Miaka yote ile alikuwa akiwasha taa ili afiche. Taa mbili kutoka juu, huku na huku, na kitambaa cheupe mbele yake kulainisha, hakuna kivuli, hakuna chunusi, hakuna kovu la tetekuwanga. Aliiita taa ya bibi harusi. Nusu ya ndoa za Msambweni, alisema, zilipendeza kwa ajili ya taa ile. Hakujua kuwasha taa kwa kusudi la kumwaibisha mtu. Korosho zile aliziandaa kama anayezipeleka kwa mume.

Alikaa na aibu hiyo siku kadhaa. Halafu akaziteremsha taa, akazilaza chini kabisa, karibu na mkanda, zikapiga korosho ubavuni. Palepale kila kipande cha utando, hata kidogo kama gamba la dagaa, kikatupa kivuli. Kila mkwaruzo ukaonekana. Pua za hewa zikaanza kufanya kazi ya haki. Akaiita hii taa ya mavyaa, kwa sababu, alisema, mama mkwe naye hukutazama kwa upande, na haachi kitu.

Wanawake wa meza waliacha kutania. Sasa zilizofika mezani zilikuwa safi, vidole vikawa havina cha kutoa. Mmoja wao alisema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba karo ya mtoto wake iko katika meza ile. Nyumbani kwa Somo, nilivyosikia kwa jirani yao, chakula kilipikwa lakini hakikuandaliwa. Kilikaa sufuriani, mwenye njaa ajipakulie.

Meneja akapanga siku ya kuamua. Wenye kiwanda watakuja, na mnunuzi kutoka ng'ambo. Gunia moja litagawanywa, nusu kwa meza, nusu kwa kamera. Kamera ikifika kiwango cha meza, meza itaondoka.

Asubuhi hiyo kiwanda kilifagiliwa mpaka kuku wakapotea njia. Mpigapicha alikuja na shati la mikono mirefu. Wageni wakaketi mbele ya skrini kubwa iliyoazimwa hotelini. Meza ikachambua nusu yake kwanza, kimya, bila masimulizi, kwa mara ya kwanza nikavisikia vidole vyao. Kisha mkanda ukawashwa.

Kwenye skrini zikatokea korosho kama lulu. Zilipita na kupita, nyeupe, za duara, zinang'aa, na wageni wakaanza kupiga makofi. Hazikupulizwa ila chache sana. Mnunuzi alitoa simu yake akapiga picha ya picha. Meneja alitabasamu mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na taa nikiwa na kitambaa changu, nikatazama juu, nikaona. Taa zilikuwa zimepandishwa. Huku na huku, na kitambaa cheupe mbele yake.

Somo akainuka, akaja na sinia. "Kwa idhini yenu," akawaambia wageni. Akachota zilizopita, akazimwaga, vidole vikaanza. Utando. Utando. Doa. Utando. Kirundo cha mbovu kilikua, wageni wakaacha makofi, kikazidi kukua. Meneja akageuka.

"Mzee, imekuwaje? Jana si ilikuwa poa?"

Mpigapicha alitazama taa zake. Alitazama sinia. Katika maisha yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara ya pekee aliyoulizwa habari ya taa akakosa la kusema.

Hapo mwanamke mmoja wa meza akaona zile taa na kile kitambaa, akapiga kigelegele. Wakadaka wote. Somo alijifunika mdomo kwa leso, na machoni mwake kulikuwa na kitu ambacho mimi, kijana kapera, nilitamani siku moja kutazamwa nacho. Mumewe, fundi mwenye kiburi kuliko jogoo, alikuwa ameiharibu kazi yake mbele ya wakubwa ili kuiokoa meza yake.

Meza ikabaki, maana wenye kiwanda hawakutaka kusikia habari ya jaribio la pili. Kamera nayo ikabaki, ila ikapewa kazi ya kutoa maganda, mawe na zilizoungua, na Mpigapicha akabaki kuiangalia. Na kuanzia siku hiyo alikula kama sultani. Kichwa cha samaki, yule changu, kilikuwa chake. Mkate wa sinia ulipikwa hata siku isiyo na sababu. Somo akaanza kumwita "Bwana wangu" mbele ya watu, na akipita mezani wanawake walisimama. Yeye aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, nasi tukasema, tazama, na unyenyekevu pia amepata.

Mimi niliondoka baadaye. Nilikwenda Tanga, nikakaa, nikarudi Mombasa, nikafanya kazi Mkongani kwenye shamba la mtu, nikaondoka tena. Kila mahali niliisimulia habari ile. Niliwasimulia wanawake zaidi, wao ndio walioipenda.

Mwaka jana nilikuwa nikielekea Bodo kwa shughuli zangu, nikashuka Msambweni kumjulia hali. Amezeeka, kiwanda kilimstaafisha, lakini Somo bado anakaa kichwani mwa meza, na mumewe humpeleka asubuhi na kumfuata jioni. Nilimkuta barazani amevaa shati la mikono mirefu, hana raha.

"Umekuja siku nzuri," alisema. "Wameniita. Wameleta kamera mpya. Wataka nikaangalie lenzi na taa."

"Na meza?"

"Ikishika utando, meza yaondoka. Maneno ni yale yale, meneja ndiye mwingine." Alitazama ndani kana kwamba Somo yumo, kumbe alikuwa kazini. "Ameniambia leo asubuhi nisiwe na wasiwasi. Ati, 'Mola alikuonyesha njia mara ya kwanza, atakuonyesha tena.'"

"Si kweli?"

Alichungulia barabarani kwanza. Kisha akanivuta karibu.

"Mwanangu, nikwambie neno, na ukalizike Bodo huko uendako. Siku ile sikuharibu kwa ajili yake."

"Uliharibu kwa ajili ya nani?"

"Sikuharibu kwa ajili ya mtu! Nilikosea! Wageni walikuwa wanakuja. Skrini kubwa. Nikawaza, wataona korosho zina makovu na vivuli kama wezi. Nikataka picha zipendeze. Nikapandisha taa kidogo. Nikaona, aa, zimependeza. Nikaweka na kitambaa." Alijipiga paja. "Wageni walikuja, nikawapambia! Nilisahau kabisa ya utando mpaka nilipoona sinia. Na kabla sijajitetea, vigelegele vimeshapigwa."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Ukisema ulifanya makusudi, wewe ni fundi mbaya na mume mwema. Ukisema ulikosea, wewe ni fundi mbaya na mume mbaya. Nikachagua nusu hasara." Akashusha sauti. "Lakini vichwa vya changu vile, kila nilipokula, nilikuwa najiona mwizi."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Yeye hakucheka. Alisema watu wote hawa wanamsifu kwa kazi mbovu, na kazi nzuri, ile taa ya mavyaa, hakuna anayeikumbuka. Sasa Mungu amempa nafasi ya mwisho ya kuonyesha kwamba anajua. Na akiionyesha, Somo na wenzake watarudi nyumbani.

"Utafanyaje?"

"Sijui. Twende."

Tukaenda, mimi nyuma ya pikipiki ile ile, bila kofia. Mashine mpya ilikuwa kama gari jipya. Mafundi wawili vijana kutoka Nairobi walitupokea kwa adabu, wakasema wamesikia kwamba yeye ndiye aliyeanzisha kazi ile hapa. Meneja mpya alisimama kando na mikono nyuma. Ng'ambo, mwisho wa jengo, meza ilikuwa imenyamaza.

Mpigapicha akainama kwenye lenzi. Alikaa hapo muda mrefu. "Hii lenzi," alisema hatimaye, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayesoma jina la mtoto wake gazetini, "hii lenzi ni nzuri." Halafu akatazama taa.

Walikuwa wameizungushia korosho pango jeupe la mwanga, kutoka kila upande, laini, bila kivuli hata kimoja. Aliingiza mkono wake ndani. Mkono wa mzee, wenye mishipa na madoa, nikauona ukitulia humo kama mkono wa kijana wa miaka ishirini, hauna mkunjo. Kwenye skrini korosho zilipita kama lulu. Aliutoa mkono, ukazeeka. Akaniangalia.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, tuambie ukweli. Inapitisha zingine zenye utando na hatujui kwa nini. Tumebadilisha programu mara nyingi. Wewe unaona shida iko wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Meneja wa kwanza alimuuliza kama anayemdai. Huyu alisimama na kalamu, tayari kuandika. Niliona kifua cha Mpigapicha kikijaa. Niliona kidole chake kikiinuka kuelekea taa, kikaelekea chini, karibu na mkanda, mahali hasa zilipotakiwa kulazwa. Midomo yake ilikwisha kuunda neno.

Kidole kikabaki hewani. Kisha akakirudisha, akajikuna sikio.

"Picha zinapendeza," alisema.

"Kwa hiyo taa iko sawa?"

"Zinapendeza sana." Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. "Kwenye taa msiguse kitu. Tafuteni kwenye programu."

Akaaga, akatoka mbio mbio kama mtu aliyetanguliwa na tumbo. Nilimkuta nje amekaa juu ya gunia la maganda, anapumua kwa mdomo. Somo alikuwa amefika kabla yangu, leso imekaa begani, ameshika kikombe cha maji.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wasiguse kitu."

Somo hakupiga kigelegele. Alimnywesha maji, akamfuta shingo kwa pembe ya leso, kisha akaushika mkono wake na kuutazama.

"Mbona watetemeka hivi, Bwana wangu? Si kazi uliyokwisha kuifanya hii?"

"Ile ya kwanza," alisema Mpigapicha, "ilikuwa nyepesi."